Ndugu mkulima, kabla hujachanganya sumu, nenda ziwani ukawatazame hao ndege

Kwa kawaida hapa tunaongelea mbegu, mbolea, nafasi za kupandia na bei za sokoni. Leo nimekuja na ugomvi, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Tuko mwishoni mwa Septemba. Wengi mnaonisoma mnalima mpunga katika bonde la Ziwa Manyara, upande wa Mto wa Mbu na upande wa Magugu. Wiki hii simu yangu imeita sana na swali ni lile lile: "Bwana shamba, ndege wameanza kujaa kule ziwani. Tupige dawa gani?" Mimi huuliza swali moja tu: "Ndege gani?" Mtu ananyamaza kidogo, halafu ananijibu: "Ndege tu, bwana shamba. Ndege ni ndege."

Hapo ndipo tunapogombana. Hakuna hata mmoja wenu anayeniambia "mdudu ni mdudu". Mnaniletea jani la mhindi na mnajua kama ni viwavijeshi au ni bungua. Mnajua nyuki si nzi. Lakini ikija habari ya ndege, mkulima aliyesoma shamba lake miaka thelathini anakuwa kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Ujinga huo una gharama. Unakutoa hela mfukoni, unatia sumu kwenye maji unayokunywa, na unaua kiumbe aliyekuja kukufanyia kazi bila kulipwa.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilikuwa mjinga huo huo.

YALIYONIPATA MIMI

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kazini, nilikuwa kwenye skimu moja ya mpunga ambayo sitaitaja. Wakulima walilalamika kuhusu ndege. Mimi nilikwenda saa nane mchana, jua kali, nikatazama kwa mbali nikaona kundi kubwa pembeni ya maji. Sikusogea na sikuuliza. Nilirudi kwenye kivuli nikawaelekeza wapige sumu pale ndege wanapotua jioni.

Asubuhi yake tulikwenda kuangalia. Kwelea kwelea walikuwepo, sikatai, lakini wachache. Waliobaki wamelala kwenye majaruba walikuwa yangeyange, vitwitwi, mbayuwayu, na korongo weupe kumi na wanne. Nilimpasua korongo mmoja kwa kisu ili nione alikuwa anakula nini. Tumbo lilikuwa limejaa panzi na viwavi. Hapakuwa na punje ya mpunga hata moja.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuja baadaye. Watoto na kina mama walikuwa wameshaanza kuokota wale ndege kwa ajili ya mboga. Nilikimbia nikiwapigia kelele waache, ni sumu. Mzee mmoja alinitazama akaniuliza taratibu: "Mwanangu, jana si ulisema ni dawa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kosa letu linaanzia mdomoni. Kitu kinachoua tunakiita dawa, kisha tunashangaa watu wakikichukulia kama dawa. Kwa hiyo humu ndani leo nitaiita kwa jina lake. Ni sumu.

HAO NDEGE NI AKINA NANI?

Wale mnaoanza kuwaona ziwani mwezi huu wengi wao si wenyeji. Ni wageni. Wametoka Ulaya, Urusi na Asia ya kaskazini, na wanakuja hapa kila mwaka. Vitwitwi huanza kufika mapema, wengine tangu Agosti. Mbayuwayu wanaingia kwa wingi Septemba na Oktoba. Korongo weupe mara nyingi mtawaona Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa zimeotesha majani na wadudu wameshatoka. Wote wanakaa nasi msimu mzima. Ikifika Machi na Aprili, masika yakianza, wanakusanyika tena na kuondoka. Wanarudi kaskazini kutaga na kulea vifaranga, kwa sababu huko wakati wa kiangazi mchana ni mrefu sana na chakula cha kulishia watoto ni kingi. Baridi ikikaribia chakula kinakwisha, wanafunga safari tena.

Hebu fikiri kidogo. Mbayuwayu ana uzito wa gramu ishirini hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Huyo anavuka jangwa la Sahara kuja kukamata mbu na nzi juu ya jaruba lako. Korongo mweupe hawezi kuruka umbali mrefu juu ya bahari, kwa sababu anategemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Kwa hiyo wale wa Ulaya ya mashariki wanazunguka kupitia Uturuki, Sinai, kisha wanafuata bonde la Mto Nile mpaka huku kwetu. Wengine hupitiliza hadi Afrika Kusini.

Najua kuna atakayesema kuangalia ndege ni mambo ya wazungu wenye darubini shingoni. Huyo nina kisa chake. Zamani Wazungu wenyewe hawakujua korongo wao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine waliamini ndege wanajificha kwenye matope chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, akapatikana korongo mwenye mshale umemchoma shingoni, na bado alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Walipoutazama mshale wakakuta ni wa Kiafrika, una urefu wa sentimita 80 hivi. Ndipo wakapata ushahidi wa macho kwamba korongo wanakuja Afrika. Ndege yule alikaushwa na yupo hadi leo katika chuo kikuu cha Rostock.

Sasa jiulize: wakati wataalamu wa Ulaya wanakisia, babu yako hakuwa anajua? Alijua kabisa kwamba korongo wakionekana, vuli imeshika na viwavi wako njiani. Nusu moja ya habari ya ndege hawa ilikuwa kwao na nusu ya pili ilikuwa kwetu. Leo wao wanaendelea kuitunza nusu yao kwa daftari na pete za miguuni. Sisi ya kwetu tumeiacha ipotee, na mahali pake tumeweka chupa.

MTAZAME MDOMO, ATAKUAMBIA ANAKULA NINI

Huhitaji digrii kumjua ndege anayekula mpunga wako. Mtazame mdomo.

1. Mdomo mfupi, mnene, kama koleo: huyu anapasua punje. Kwelea kwelea yuko hapa, pamoja na mnana na shomoro. Kwelea ni mdogo kama shomoro. Dume ana mdomo mwekundu, ila jike wakati wa kuzaliana mdomo wake hugeuka manjano, kwa hiyo usidanganyike ukasema si yeye. Anaruka kwa makundi makubwa sana yanayogeuka pamoja kama moshi.

2. Mdomo mrefu na mwembamba, miguu mirefu: huyu anachoma matope kutafuta wadudu, minyoo na konokono. Vitwitwi na jamaa zao wako hapa. Anatembea kwenye jaruba lako kwa sababu kuna wadudu, si kwa sababu kuna punje.

3. Mdomo mrefu, mnene na wenye ncha kama mkuki: korongo na yangeyange. Chakula chao ni panzi, viwavi, vyura, samaki wadogo na panya.

4. Mdomo mfupi uliopinda kama ndoana: kozi, mwewe na tai. Hawa wanakula panya, nyoka, panzi, kumbikumbi na ndege wadogo, kwelea akiwemo.

5. Mdomo bapa: bata. Hapa sitakudanganya. Bata wa maji na mabata bukini wanaweza kukuharibia mbegu uliyomwaga na miche michanga. Hiyo ni hasara ya kweli na nitaieleza hapo chini.

Umeona? Katika mafungu matano, anayestahili ugomvi wako mkubwa ni fungu moja, na fungu jingine linahitaji ulinzi wa wiki chache tu. Yaliyobaki ni vibarua wako. Na kwelea kwelea, yule adui wa kweli, wala si mgeni kutoka Ulaya. Ni Mwafrika kama sisi, anahamahama humu humu barani akifuata mvua na mbegu za majani. Kwa hiyo ukipiga sumu kwa kuwa "wageni wamejaa ziwani", umempiga asiyehusika.

Kuhusu viwavijeshi, wakulima wa mahindi mnisikilize. Milipuko yao kwa kawaida huanza mvua za mwanzo zinaponyesha, Novemba hadi Januari. Ni wakati ule ule korongo weupe wanapokuwa hapa, pamoja na wale korongo weusi wenye tumbo jeupe ambao ni wahamaji wa ndani ya Afrika. Wakikuta viwavi wanashuka kwa makundi na kutembea mstari kwa mstari wakila. Mimi nikiona korongo wametua mahali wamejipanga hivyo, naacha shughuli zangu nakwenda kuangalia majani, maana wameniambia viwavi viko wapi kabla sijapigiwa simu.

SUMU INAFANYA NINI

Sumu nyingi zinazotumika kwa ndege, iwe fenthioni inayopulizwa kwa kwelea au karbofurani ambayo watu wanaichanganya na nafaka kama chambo, zinafanya kazi kwa njia inayofanana. Zinaharibu mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Misuli inakaza, mate yanatoka, pumzi inakata. Mishipa ya ndege na ya mwanao haina tofauti kubwa katika jambo hili.

Na ndege aliyekufa bado ana sumu mwilini. Kozi au tai akimla, anakufa naye. Paka akimla, anakufa. Wewe ukimchoma ukamla, kupika hakukuhakikishii usalama. Ukiona mtu aliyekula au kushika ndege wa namna hiyo anatokwa na mate, jasho jingi, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo na misuli inatetemeka, mkimbize hospitali pamoja na chupa au karatasi ya hiyo sumu ili daktari ajue. Usimpe maziwa ukakaa kusubiri.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa bonde hili hatupaswi kulisahau. Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Mito inaingia, maji yanabaki hapo na kupungua kwa jua tu. Unachokimwaga kwenye mfereji wa mwisho wa skimu hakiendi baharini. Kinakwenda ziwani, kwenye kina kifupi kile kile ambacho ng'ombe wanakaribia na ndege wanalisha.

NAJUA MTAKAVYONIJIBU

"Bwana shamba, wanaofaidika na ndege ni watalii na hifadhi. Sisi tunaambulia vumbi la magari."

Hilo neno lina ukweli na sitalipinga kwa maneno matamu. Mkulima anayelala shambani usiku ana haki ya kuuliza fedha za utalii zinafika wapi. Uliza kwenye mkutano wa kijiji, uliza kwa diwani, uliza kwa nguvu. Lakini usimwadhibu korongo kwa sababu ya hesabu za watu. Faida ninayokueleza mimi haipitii getini. Panzi aliyeliwa shambani kwako ni faida ya kwako, risiti haihitajiki. Na hata hiyo ya utalii, Mto wa Mbu kuna vijana wanaowatembeza wageni mashambani kwa miguu. Kijana anayeweza kusema "huyu ametoka Siberia, amefika wiki hii" ana kitu cha kuuza ambacho hakipo kwenye gari. Atakijulia wapi ikiwa baba yake anasema ndege ni ndege?

"Njaa haingoji. Kwelea wakitua siku tatu sina mpunga."

Kweli kabisa. Kwelea mmoja anakula gramu kumi hivi za mbegu kwa siku. Zidisha kwa kundi la laki moja upate tani nzima kwa siku moja. Sijasema umwache. Nimesema umtambue, kisha umkabili kwa njia inayomfikia yeye.

"Ndege ni wengi, hawawezi kuisha."

Hapo nakupeleka India, kwa sababu ndege wa huko wanapita hapa kwetu. Katika jimbo la Nagaland kuna bwawa kubwa linaloitwa Doyang, na pembeni yake kijiji cha Pangti. Kila Oktoba na Novemba, kozi wadogo wanaoitwa kozi wa Amur hutua hapo kwa maelfu mengi wakitokea Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Wakiondoka hapo wanavuka Bahari ya Hindi na kuingia Afrika Mashariki, kisha wanateremka kusini. Kote wanakopita wanakula panzi na kumbikumbi.

Mwaka 2012 picha zilionyesha dunia kilichokuwa kikitokea Doyang. Watu walitandaza nyavu za kuvulia samaki juu ya miti na kuwakamata kozi kwa makumi ya maelfu, wakawauza kama kitoweo. Wanakijiji wa Pangti walisema yale yale unayoniambia wewe: ni wengi, ni chakula, ni hela. Baada ya makelele yale, wao wenyewe pamoja na makanisa yao, serikali na wahifadhi wakakaa, wakatunga sheria za kijiji. Mwaka uliofuata, 2013, kozi walipokuja, kijiji kiliwalinda na mauaji yale hayakurudiwa. Mwezi Novemba mwaka huo kozi watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti. Wakaonekana wakivuka bahari kuja Afrika.

Wakulima wa Pangti hawakuwa matajiri kuliko ninyi. Waliambiwa na wakajionea kwamba ndege anayekufa kwao ni ndege asiyefika kwingine. Sasa wao wamemwacha kozi apite. Akifika huku akafia kwenye sumu yako, utamwambia nini mkulima wa Pangti?

KWA MAAFISA WENZANGU NA WENYE MADUKA

Wenzangu wa ugani, tusifichane. Ni rahisi kutaja jina la sumu kwa simu kuliko kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutazama. Mkulima akiona tumemjibu haraka anasema tumesaidia. Lakini ushauri bila kuona shamba ni kubahatisha, na anayelipia ni yeye. Kabla hujamshauri mtu kuhusu ndege, nenda, tambua, hesabu, andika. Ikiwa ni kwelea kweli na kundi ni kubwa, kudhibiti si kazi ya mtu mmoja na bomba la mgongoni. Toa taarifa wilayani ili ifike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wenye utaalamu wajue wanakolala na nani mwingine analala nao.

Na wewe mwenye duka unayempimia mtu sumu kwenye kimfuko cha nailoni bila karatasi ya maelezo, ukimwambia "changanya na mtama, watakufa wote": hicho si kilimo. Kuua ndege pori bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na sheria haisamehi kwa kuwa ulikuwa unauza tu.

SASA FANYA HIVI: KUTAZAMA

Kutazama ndege ni ujuzi kama kupima unyevu wa udongo kwa kiganja. Unajifunza.

- Nenda mapema, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi. Saa nane mchana hutaona kitu, kama mimi nilivyokosa.
- Jua liwe mgongoni kwako. Ukitazama kuelekea jua, ndege wote ni weusi.
- Darubini ikiwepo ni nzuri, mnaweza kuchanga kikundi kizima mkanunua moja. Isipokuwepo, kaa chini pembeni ya mfereji dakika ishirini bila kusogea. Watakukaribia wenyewe.
- Baki nje ya mipaka ya hifadhi na usiingie kwenye mafunjo. Kiboko na nyati hawana habari na daftari lako.
- Andika mambo matano: tarehe na saa, mahali, ndege wa aina gani (kama hujui jina, chora mdomo na andika rangi), wangapi, na wanafanya nini. Wengi wakizidi, hesabu kumi, kisha kadiria kumi ngapi zinaingia kwenye kundi.
- Tazama misimu yote miwili. Septemba hadi Novemba wanafika wamekonda kwa safari. Machi na Aprili wanakula kwa nguvu ili kuweka mafuta ya kuvukia jangwa. Kuwakimbizakimbiza ufukweni wakati huo ni kumwaga mafuta ya msafiri barabarani.
- Ukikuta ndege amekufa mwenye pete mguuni, nakili namba na maandishi yote, piga picha, mpe taarifa afisa wanyamapori. Ikiwa unahisi ni sumu, usimshike kwa mikono mitupu.

Ukiandika misimu miwili tu, utakuwa na kitu ambacho mimi sina: kalenda ya ndege wa shamba lako. Utajua kwelea wanaingia lini na usipande mpunga ukomae siku hiyo.

NA FANYA HIVI: KULINDA MPUNGA

- Pandeni kwa pamoja katika skimu. Jaruba moja linalokomaa peke yake ndilo linaloliwa lote. Yakikomaa mia kwa pamoja, hasara inagawanyika.
- Palilieni mapema na mfyeke kingo. Kwelea anaanza kwa mbegu za majani, akishazoea mahali anahamia kwenye mpunga.
- Amieni kwa zamu kuanzia mpunga unapoingia hatua ya maziwa hadi mavuno. Dungu, kamba zenye makopo, kombeo. Mpange watu wazima kwa zamu na kulipana, msiwatoe watoto shuleni.
- Funikeni vitalu kwa neti, na mahali penye bata hamisheni miche badala ya kumwaga mbegu. Wiki mbili tatu za ulinzi zinatosha kwa bata.
- Vuneni punje zikikomaa, msiache mpunga umesimama mnasubiri bei.
- Mkiona kwelea wanajenga viota kwenye migunga au wanalala kwenye matete, leteni taarifa siku hiyo hiyo. Wilayani Kondoa kuna watu wanaowatega kwelea wakiwa wamelala, wanakula na kuuza. Hiyo ni mboga safi isiyo na sumu. Mkitaka kufanya hivyo, tuonane kwanza tuombe kibali, na ndege mwingine akinaswa aachiwe.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni anakuja, tunamwekea chambo.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya ndege wahamaji duniani, na nyingine huwa Jumamosi ya pili ya Mei. Mimi sina hotuba wala fulana za kugawa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kwenye kingo ya mfereji wa mwisho, upande wa ziwa. Njoo na daftari na kalamu, na kama una mtoto anayependa kuuliza maswali mlete. Bomba la mgongoni liache nyumbani.